Amosi na Gorogoro: Nabii wa Kale Katika Soko la Kabati

Wapo watu wanaodhani kwamba kazi ya nabii ni kutabiri mambo ya kesho na keshokutwa. Huku kwetu Ukambani dhana hiyo ina mizizi mirefu, kwani sote tulilelewa na masimulizi ya Syokimau, yule mama aliyesemekana kuona nyoka mrefu wa chuma akitambaa kutoka baharini kuelekea bara, miaka mingi kabla ya reli kufika. Masimulizi hayo ni hazina yetu nasi tuyatunze. Hata hivyo, nabii ninayetaka kumzungumzia leo ni wa namna nyingine. Amosi wa Tekoa hakusifika hasa kwa kuona yaliyo mbali. Alisifika kwa kuona yaliyokuwa mbele ya macho ya watu wote, yakitendeka mchana kweupe sokoni, nao wakiyapita kana kwamba hayapo.

Kila mwanafunzi aliyesoma somo la Dini ya Kikristo katika shule zetu za sekondari chini ya mfumo wa 8-4-4 amekutana na Amosi. Silabasi inamweka pamoja na Yeremia na Nehemia. Mwanafunzi hodari ataweza kutaja, bila kufumba macho, mafundisho yake kuhusu haki ya kijamii, ibada ya unafiki, hukumu na toba, uteule wa Israeli, siku ya Bwana, na masalio watakaorejeshwa. Atayapanga kwa nambari na kuyapigia mstari, kisha apewe alama zake. Lakini mwanafunzi huyohuyo akitoka darasani jioni na kutumwa na mamake kununua mahindi, hatamtambua Amosi hata akipishana naye penye duka la nafaka. Hilo ndilo jambo linalonisukuma kushika kalamu. Tumemfanya nabii kuwa hoja sita za mtihani, na kwa kufanya hivyo tumemnyamazisha kwa ustadi kuliko alivyoweza kufanya kuhani Amazia wa Betheli.

Tuanze na mtu mwenyewe. Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, kijiji kilichokuwa katika ufalme wa Yuda, kusini ya Yerusalemu. Alifanya kazi yake katikati ya karne ya nane kabla ya Kristo, wakati Uzia alipotawala Yuda na Yeroboamu wa Pili alipotawala Israeli, yule aliyekuwa kwenye kiti cha enzi takriban tangu mwaka 786 hadi 746 K.K. Hakuwa kuhani wala mwana wa kuhani. Hakulelewa katika chama cha manabii, wala hakulipwa na mfalme. Mbali na mifugo alikuwa akitunza mikuyu. Na hapa namsihi msomaji wa Kitui au Makueni atulie kidogo, maana mkuyu wa Amosi si mti wa kigeni. Ni mkuyu uleule, wa jamii ileile, unaoota kandokando ya mito yetu ya mchanga, ule ambao wazee wetu hawakuukata ovyo kwa sababu chini yake palikuwa mahali pa kutolea sadaka. Mkuyu haustawi katika baridi ya miinuko ya Tekoa, kwa hiyo yamkini Amosi alikuwa akishuka mabondeni kuutunza na kuyatoboa matunda yake ili yaive. Matunda hayo yalikuwa chakula cha maskini. Basi mtu huyu alijua njaa ina sura gani, na alijua chakula cha mnyonge kinapatikana kwa jasho kiasi gani.

Mtu huyo akavuka mpaka akaenda kaskazini, katika ufalme wa Israeli, uliokuwa ukineemeka. Yeroboamu alikuwa amepanua mipaka, biashara ilikuwa imestawi, na matajiri wa Samaria walijenga nyumba za mawe ya kuchongwa, wakawa na nyumba za kipupwe na nyumba za kiangazi. Amosi aliwakemea kwa kulalia vitanda vya pembe za ndovu. Kwa muda mrefu mtu angeweza kudhani kwamba hayo ni maneno ya mhubiri mwenye kutia chumvi. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimbua Samaria, hasa katika miaka ya 1930, walifukua mamia ya vipande vya pembe vilivyochongwa kwa ustadi, vya kupambia samani. Nabii hakutia chumvi. Aliingia, akatazama, akasema alichokiona.

Namna alivyosema ndiyo inayopaswa kufundishwa na kila mwalimu wa fasihi na wa dini. Hakuanza kwa kuwakemea wenyeji wake. Alianza na Dameski, akataja ukatili wake. Akaja Gaza na biashara yake ya watumwa. Akaendelea na Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Twaweza kuwaza jinsi hadhira ya Israeli ilivyoburudika. Hao wote walikuwa majirani na mahasimu wao. Nani asiyependa kusikia adui yake akihukumiwa? Kisha akaitaja Yuda, nchi yake mwenyewe, na bila shaka makofi yakazidi. Lakini duara lilikuwa likipungua. Sauti ilipofika mwisho wa safari yake, ilitua juu ya Israeli wenyewe, na mashtaka yao yakawa marefu kuliko ya wengine wote.

Sisi nasi tunaipenda sana sehemu ya kwanza ya hotuba hiyo. Ukiketi katika hoteli yoyote ya barabarani kati ya Machakos na Kitui, utasikia watu wakiihukumu Nairobi. Watataja kashfa ya mahindi ya mwaka 2009, wakati taifa lilipotangaza kuwa watu milioni kumi walikabiliwa na njaa, huku mahindi ya akiba ya nchi yakiangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa mkobani wasiokuwa na hata kinu kimoja cha kusagia. Ni haki yao kuitaja. Aibu ile haifai kusahauliwa. Lakini Amosi angewasikiliza mpaka mwisho, kisha angeuliza kwa upole: na gorogoro la Kabati je?

Gorogoro ni chombo kinachojulikana na kila mtoto wa Kenya. Ni mkebe uliokuwa wa mafuta ya kupikia, nao umekuwa kipimo cha mahindi, maharagwe, ndengu na kunde katika masoko yetu, na kwa desturi huhesabiwa kuwa ni kilo mbili. Ni kipimo cha maskini, kwa sababu mwenye uwezo hununua gunia, na asiye na uwezo hununua chakula cha leo. Katika masoko yetu, Kabati ikiwamo, nimeuona mkebe wa namna tatu. Upo ulio mzima, na mwenye kuutumia ni mtu mwema. Upo uliogongwa kitako kwa nyundo hadi ukabonyea ndani. Na upo uliokatwa ukingo na kukunjwa upya kwa ustadi hata jicho lisilozoea lisitambue. Mkebe wa pili na wa tatu huhifadhiwa kwa ajili ya kuuza. Wakati wa kununua kutoka kwa mkulima, hutolewa debe kubwa, nalo hujazwa hadi nafaka isimame kama kilima. Hununua kwa kilima na kuuza kwa tambarare. Tofauti iliyoko baina ya kilima na tambarare ndiyo faida juu ya faida.

Amosi aliwaona watu hawa miaka zaidi ya 2,700 iliyopita. Aliwaeleza kuwa ni watu waliokaa kwenye ibada huku roho zao ziko dukani, wakihesabu saa ngapi sabato itakwisha ili wafungue maghala. Aliitaja mbinu yao kinagaubaga: efa, yaani kipimo cha nafaka, waliifanya ndogo, shekeli, yaani jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, waliifanya kubwa, na mizani yenyewe waliipotosha. Kwa hiyo maskini aliibiwa mara mbili kwa kitendo kimoja, akilipa fedha nyingi na kupokea nafaka chache. Wakulima wa viazi na vitunguu hapa Kenya wanalijua jambo hilo kwa jina la lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kichwa na kushonewa kamba juu ya mdomo wake, ambalo hununuliwa kwa bei ya gunia moja. Serikali imelipiga marufuku lumbesa mara nyingi, na kanuni za mwaka 2019 kuhusu viazi ziliweka mpaka wa kilo 50 kwa gunia. Tukitafuta tafsiri ya maneno ya Amosi kwa lugha ya soko letu, tunayo tayari: kununua kwa lumbesa, kuuza kwa gorogoro lililobonyezwa.

Pengine msomaji atasema, hayo ni mambo madogo. Konzi moja ya mahindi ina nini? Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuihakiki. Tuseme mkebe umepunjwa gramu 200 tu, na familia moja hununua gorogoro moja kila siku. Kwa mwaka mzima familia hiyo imeibiwa kilo 73. Gunia la mahindi ni kilo 90. Maana yake ni kwamba mtu ambaye hakuweza kununua gunia zima ameibiwa karibu gunia zima, na hakusikia kishindo cha mwizi mlangoni. Ndiyo maana Amosi alisema kuwa mnyonge alikuwa akiuzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Hakukusudia kwamba viatu ni ghali. Alikusudia kwamba vitu vidogo, deni dogo, upungufu mdogo, vikikusanywa kwa subira, vinatosha kumfilisi binadamu.

Lakini katika orodha ya nabii limo shtaka jingine, na hili ndilo lililo zito kwetu kuliko yote. Aliwashtaki wauzaji waliouza makapi na takataka za ngano kana kwamba ni ngano. Hapa hatuhitaji kubahatisha mfano. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2004 ugonjwa wa ajabu uliingia katika wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati ule. Watu waligeuka manjano macho, matumbo yakafura, ini likashindwa kufanya kazi yake. Kufikia mwezi Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu unaoota katika nafaka yenye unyevu. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 ya sehemu hizi, waligundua kwamba asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya wakati ule, ambacho kilikuwa sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000, yaani mara hamsini ya kiwango hicho.

Ninataka niwe mwadilifu katika jambo hili, kwa sababu makala inayodai haki haiwezi kuanza kwa kudhulumu. Mahindi yale hayakutiwa sumu na mtu. Mengi yalikuwa yamelimwa na wananchi wenyewe, yakahifadhiwa yakiwa hayajakauka sawasawa, mengine ndani ya nyumba za kulala, na watu waliokuwa wakiogopa njaa na wezi wa shambani. Ukungu haubagui tajiri na maskini, wala hauna nia mbaya. Hata hivyo, baina ya ghala na sufuria palikuwa na soko. Na katika soko palikuwa na watu walioyatazama mahindi yaliyogeuka rangi, wakayanusa, wakayajua, kisha wakayachanganya na mazima ili yasionekane. Muuzaji asiyejua chochote kuhusu aflatoksini bado alijua kwamba mahindi yameoza. Hapo ndipo Amosi anapoingia. Hakuwahukumu watu kwa kutojua kemia. Aliwahukumu kwa kujua kwamba hiki ni kapi na kukiita ngano.

Wala jambo hili halikuzikwa na marehemu wa mwaka 2004. Lilikuwa limetangulia Machakos mwaka 1981, ambako watu kadhaa walifariki kwa sumu hiyohiyo. Na mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, unga wa pakiti nzuri wenye mhuri wa ubora. Duara la Amosi, basi, linazunguka pande zote mbili: huanzia Nairobi likaja Kabati, na laweza kuanzia Kabati likarudi Nairobi.

Najua yatakayosemwa dhidi ya hoja hii. Kwanza kutakuwa na mtu atakayesema kwamba namwonea mama muuza nafaka, ambaye mwenyewe ni maskini, analipa nauli, analipa ushuru wa soko, na ana watoto wa kusomesha. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Amosi hakukaza macho kwa mchuuzi peke yake. Alianza na wenye nyumba za mawe. Dalali anayekuja na lori wakati wa mavuno ya ndengu, akijua kwamba mkulima anadaiwa karo na hawezi kungoja bei ipande, ana deni kubwa zaidi mbele ya haki kuliko mama mwenye mkebe. Na mkulima anayenyunyizia maji mahindi ili yawe mazito, au kuficha mawe katikati ya gunia, naye ana lake. Lakini mtu anayemnunulia mama yule ni maskini zaidi yake. Umaskini ni sababu ya kumhurumia mtu. Hauwi hati ya kumruhusu amwibie aliye chini yake. Tukikubali hoja hiyo, basi kila mmoja atamnyonya wa chini yake mpaka tumfikie mtoto, ambaye hana wa kumnyonya.

Pili, kutakuwa na mtu wa dini atakayesema kwamba kazi ya Neno la Mungu ni kuokoa roho, na mambo ya mizani yaachiwe serikali. Mtu huyo amesimama mahali pa kuhani Amazia. Amazia hakumwambia Amosi kuwa anasema uongo. Alimwambia arudi kwao Yuda akale mkate wake huko, kwa sababu Betheli ilikuwa patakatifu pa mfalme. Maneno hayo tumeyasikia kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pia, katika nchi hii. Baada ya mwaka 1986, wakati chama tawala kilipoleta uchaguzi wa mlolongo, maaskofu waliothubutu kusema kwamba wanaopanga foleni ndefu hutangazwa kuwa wameshindwa na wenye foleni fupi, waliambiwa waachie wanasiasa siasa. David Gitari alihubiri Nyeri mwaka 1987 juu ya Danieli na watawala waliomtega, na wakubwa wakakasirika kana kwamba Danieli alikuwa mpiga kura wa Kirinyaga. Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake usiku. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa. Alexander Muge wa Eldoret alitishiwa hadharani na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda Busia tarehe 14 Agosti 1990, akahubiri, na katika safari ya kurudi akafa katika ajali ya barabarani. Na Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Mwala huku kwetu Machakos, akiwa askofu wa Nakuru aliinua sauti kwa ajili ya waliochomewa nyumba katika mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990. Historia imewahukumu akina nani, wahubiri hao au waliowaambia wanyamaze? Jibu analijua hata mwanafunzi wa darasa la saba.

Tatu, kuna fikira potofu zaidi ambayo ni lazima niiondoe, hasa katika nchi kame kama yetu. Amosi anasema Mungu alinyesha mvua juu ya mji mmoja akaizuia kwa mji mwingine, na watu wakayumbayumba kutafuta maji ya kunywa. Nimewahi kusikia mhubiri akiyatumia maneno hayo kuwaambia Wakamba kwamba ukame wao ni adhabu ya dhambi zao. La hasha! Amosi alikuwa akizungumza na washibao wa Samaria walioona dalili zote wasibadilike. Hakuwa akimtwika mwenye njaa hatia ya njaa yake. Wazee wetu walizipa njaa majina kwa hekima kubwa. Ile ya mwisho wa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa hali fedha zimo mkononi. Jina hilo la pili lina somo zima la uchumi ndani yake. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini palipokuwa na fedha na hapakuwa na chakula cha kununua, swali halikuwa la mawingu tu. Lilikuwa swali la maghala, barabara na walioshika funguo.

Hukumu ya nabii, basi, inafanya kazi namna gani? Tuangalie mito yetu. Mto wa mchanga ni ghala la maji. Mvua inaponyesha, mchanga hunywa maji na kuyaficha jua lisiyafikie, na katika kiangazi akina mama huchimba wakapata. Ndiyo maana watu wa Kitui, kwa msaada wa mashirika kama SASOL, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Lakini lori likija usiku na kuuchukua mchanga kwenda kujenga maghorofa mjini, ghala limevunjwa. Fedha za mchanga huingia mfuko wa watu wachache. Kiu huingia kila boma, hata boma la mtu aliyepinga. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015 kwa sababu iliona jambo hilo. Hivyo ndivyo hukumu ilivyoishukia Samaria. Mwaka 722 K.K., kizazi kimoja hivi baada ya Amosi, Waashuri waliuteka mji ule, wakawachukua watu uhamishoni. Na bila shaka miongoni mwao walikuwamo waliowahi kupunjwa ngano. Dhuluma ya wachache haiadhibu wachache peke yao. Huukausha mto mzima. Kwa sababu hiyo, kuikemea si kazi ya mwenye kuonewa tu. Ni kazi ya kila anayekunywa maji ya mto huo.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, maana nami nimeshika chaki, na niwageukie wanafunzi. Tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, mizani iingie darasani siku ile Amosi anapofundishwa. Wanafunzi walete mikebe kutoka nyumbani na kutoka sokoni, wapime mahindi, waandike ubaoni, wafanye hesabu ya mwaka. Mwalimu wa dini, wa hisabati na wa biashara washirikiane kwa kipindi kimoja. Sheria ya Vipimo na Mizani, ambayo ni sura ya 513 ya sheria za Kenya, inataka vyombo vya kupimia vya wafanyabiashara vikaguliwe na kupigwa mhuri. Mwanafunzi afundishwe kuutafuta mhuri huo kama anavyofundishwa kutafuta kiima na kiarifu. Mnunuzi anayejua kuuliza ni mkaguzi asiyelipwa, na katika soko lenye wakaguzi mia mbili wa namna hiyo, mkebe uliobonyezwa hautakaa siku nyingi.

La pili, shule zetu zijihukumu kwanza. Shule ya bweni hununua mahindi na maharagwe kwa magunia. Nani huyapima yanapofika? Nani huyatazama kama yamekauka, nani huyakataa yakiwa na ukungu? Mwanafunzi anayekula muthokoi ulionunuliwa na mtu aliyepewa kitu kidogo ili asitazame, hawezi kufundishwa haki kwa maneno. Amosi alisema kwamba Mungu alichukizwa na nyimbo za watu waliokuwa wakidhulumu. Je, nyimbo za gwaride letu la asubuhi?

La tatu, tukumbuke kwamba mtihani nao ni mizani. Baada ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa udanganyifu, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Karatasi iliyovuja ni gorogoro lililobonyezwa. Anayenunua alama humpunja yule mtoto wa Kitui Magharibi aliyesoma kwa taa ya koroboi na hana wa kumnunulia. Nafasi ya chuo aliyostahili hupewa mwingine, naye hatajua kamwe kwamba aliibiwa. Mwalimu anayeshiriki jambo hilo, kisha akasimama Jumatatu kufundisha hoja sita za Amosi, anapaswa kusoma tena hoja ya pili, ile ya ibada ya unafiki.

Amosi alionyeshwa timazi, ile kamba yenye uzito ambayo fundi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Timazi haina hasira wala upendeleo. Haiuhukumu ukuta kwa sababu ni wa jirani, wala haiusamehe kwa sababu ni wetu. Inaning'inia tu, na ukuta wenyewe ndio unaojishtaki. Naamini elimu njema ni timazi ya namna hiyo. Katika nchi ya Amosi, kama ilivyo katika nchi yetu, vijito vingi hujaa kwa siku chache za mvua, vikapiga kelele nyingi, kisha vikabaki mchanga mtupu. Watu wake walikuwa na ibada ya namna hiyo, yenye kelele za msimu. Yeye aliwataka watu waiache haki itiririke kama maji ya mto usiokauka mwaka mzima. Mtu wa nchi ya mvua nyingi aweza kuyasoma maneno hayo na kuyaona mazuri. Mtu wa Kabati, anayejua umbali wa kisima wakati wa kiangazi, anajua jinsi lilivyo kubwa jambo linalotakiwa, na jinsi tusivyoweza kuishi bila hilo.